Ufunguo na Mfungwa

Darasani twafundisha mapema kwamba neno ufunguo latokana na kufungua. Mara chache twakumbuka kuongeza kwamba chombo hicho hicho ndicho kifungacho mlango, na kwamba neno mfungwa ni jamaa yake wa karibu. Habari za ngome ya Oreshek, huko Urusi, zimetukumbusha.

Ngome hiyo imo kisiwani, pale mto Neva utokapo katika ziwa Ladoga. Mtawala Yury Danilovich na watu wa Novgorod waliianzisha mwaka 1323, ili kulinda mpaka na njia ya biashara iendayo bahari ya Baltiki. Mwaka huo huo walifanya mkataba wa amani na Waswidi papo hapo kisiwani. Amani haikudumu: mwaka 1348 Waswidi waliiteka ngome, na mwaka uliofuata ikakombolewa.

Maana ya Oreshek ni kokwa ndogo. Waswidi walipoitwaa tena mwaka 1612, walilitia jina hilo katika lugha yao, wakaiita Nöteborg. Mfalme Peter wa Kwanza aliipata mwaka 1702, akatania kwamba kokwa ilikuwa ngumu lakini imevunjika. Kisha akaipa jina la Kijerumani, Shlisselburg, yaani mji wa ufunguo, kwani ilimfungulia njia ya baharini.

Mlango ulifunguka kweli. Mwaka 1703 mji wa St. Petersburg ulianzishwa mtoni Neva, karibu na bahari. Baadaye mpaka ukasogea mbali, na ngome ikakosa adui wa kumzuia. Ndipo ufunguo ulipogeuzwa upande wa pili, ngome ikawa gereza. Ivan wa Sita, aliyetawazwa akiwa mtoto mchanga mwaka 1740 na kupinduliwa mwaka uliofuata, aliuawa humo na walinzi wake mwaka 1764. Mwezi wa Mei 1887 vijana watano walionuia kumwua mfalme walinyongwa humo. Mmoja wao, Aleksandr Ulyanov, kaka yake Lenin, alikuwa na miaka 21. Wafungwa wa mwisho waliachiliwa katika mapinduzi ya mwaka 1917.

Kuta zilizojengwa kuwazuia wageni ziliishia kuwazuia wana wa nchi, wala halikuhitajika jiwe jipya ili zibadili kazi. Kwa hiyo sasa, tufikapo kwenye neno ufunguo, twawauliza wanafunzi swali moja zaidi: aushikaye ni nani, naye yuko upande gani wa mlango?