Kilo 20 za Getini

Ukimuuliza mgumu wa Kilimanjaro, yaani mpagazi, mzigo wake una kilo ngapi, ana haki ya kukuuliza kwanza unazungumzia mzigo wa wapi: wa getini, wa kambi ya Shira asubuhi, au wa kupandia kambi ya Barafu. Ni kiroba kilekile kwenye kichwa kilekile, ila uzito haufanani. Na ukimuuliza aliyekuwa mgumu enzi zangu, atakuuliza pia ni wa mwaka gani.

Nilianza kubeba katikati ya miaka ya 1990, njia ya Machame, na sikumbuki kupimiwa mzigo kwa mizani. Mpishi alipanga vitu kwenye viroba, kiongozi akavipitia kimoja kimoja akikinyanyua kwa mkono, akisema "hiki twende, hiki twende". Mkono wake ndio uliokuwa kipimo. Nilipewa viazi, vitunguu na mchele, juu yake sufuria mbili zilizofungwa kwa kamba ya katani, na juu ya sufuria trei ya mayai ambayo niliambiwa ikivunjika nitailipa. Ngata niliisokota kwa kanga ya mama. Wazoefu walikadiria kuwa nimebeba kilo 30 na ushee, nami sikuwa na cha kubishia.

Mwilini nilikuwa na suruali ya jinzi, fulana ya pamba, sweta la shule, na raba zilizokwisha visigino. Blanketi moja, mzula mmoja. Hizo ndizo nguo nzuri nilizokuwa nazo, na ndizo wenzangu wengi walizovaa.

Watu wa mjini hudhani baridi inayotesa mlimani ni ya kileleni. Ya kileleni ni kali kweli, usiku inaweza kushuka hadi nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri, na upepo juu yake. Lakini mara nyingi ni kavu, na wagumu wengi hawafiki huko. Wanabaki kambini kuwasubiri wanaopanda. Iliyotumaliza sisi ni ile ya chini yake, pale msitu wa Machame unapokwisha ukiwa umelowana toka asubuhi, halafu unatokea uwanda wa Shira jua linazama. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6, na maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa. Pamba inakunywa maji na haiyaachii. Jinzi iliyolowa ni mzigo mwingine ambao hakuna aliyekuajiri kuubeba, na kazi yake ni kukupoza. Usiku tulibanana kwenye hema la kulia chakula wageni wakishamaliza kula, na kabla ya hapo, katika mapango, hadi hifadhi ilipokataza watu kulala humo.

Baba mdogo wangu, aliyebeba njia ya Marangu miaka ya 1970, alikuwa akitucheka. Yeye alipanda na koti la jeshi na mablanketi mawili ya sufu, mazito, yananuka moshi, na hakuwahi kuyaona kuwa mzigo. Sufu ikilowa bado inakupa joto. Hakujua maelezo ya nyuzi na hewa inayonaswa ndani yake, ila alijua nani aliamka anatembea na nani aliamka anatetemeka. "Ninyi mnavaa picha," alituambia, akimaanisha jinzi zetu.

Kule Marangu simulizi za mlima hazikamiliki bila Mzee Yohani Kinyala Lauwo, anayetajwa kuwa aliwaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwaka 1889. Mimi ninayemfikiria zaidi ni Mwini Amani, mtu wa Pangani. Meyer alikuwa ameshajaribu mwaka 1887 akarudishwa na ukuta wa barafu kwa kukosa vifaa. Safari ya pili alikuja na mpanda milima wa Alps, na kamba, na mashoka ya barafu, na mpango wa kupelekewa chakula kutoka Marangu kwa zamu. Vifaa viliongezeka, na vilipanda kwa vichwa vya watu. Wale wawili walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba, kambi yao ya juu ilikuwa imeshikwa na huyo Mwini Amani, mzaliwa wa pwani. Alivaa nini usiku ule, ndilo swali ninalojiuliza kila nikiwa Barafu.

Kilichobadilisha mavazi yetu kwanza hakikuwa kampuni wala sheria. Kilikuwa mitumba. Moshi ni mji wa joto unaouza makoti ya theluji: nenda soko la Memorial au la Kiboriloni siku marobota yanafunguliwa, utaona makoti ya watu wa Ulaya na Marekani wanaoteleza kwenye theluji yakitupwa juu ya turubai, jua likiwaka. Tulianza kujua kuchagua. Koti la manyoya ya bata unalibana kwa ngumi, ukiachia linapaswa kuinuka lenyewe. Likibaki limesinyaa, manyoya yamekufa. Unapitisha vidole kwenye mishono kutafuta mahali yalipoganda mabonge, maana huenda liliwahi kufuliwa vibaya. Zipu unaivuta mara tatu. Mfuko wa kulalia hivyo hivyo, na huo unanuswa pia.

Manyoya ya bata kwa uzito wake hayana mpinzani. Unalikunja koti zima likaingia kwenye sufuria ndogo, na ukilivaa, usiku wa Barafu unakuwa wa kuzungumzika. Lakini likilowa limekwisha, yanashikana na hewa ya kukuhifadhi joto haipo tena. Koti la nyuzi za viwandani ni zito zaidi kwa joto lilelile, ila halikuangushi mvuani. Kwa hiyo tulijipangia wenyewe: fulana ya nyuzi inayokauka upesi karibu na ngozi, flisi juu yake, koti la kuzuia upepo na mvua juu kabisa, na la manyoya linakaa limefungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki mpaka tupite mahali pa mvua. Mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Juni 2019 tuligawanyika. Wengine walipata mifuko ya mpira isiyopitisha maji, wengine walirudi kwenye salfeti na kumwomba Mungu.

Hapo katikati, mwaka 2003, ulianza mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, wenye stoo ya vifaa Moshi. Unaazimwa koti, suruali, buti, bila malipo, unarudisha ukishuka. Vingi vimetolewa na wapandaji waliokwisha panda. Nilikuwa nimeshajinunulia vyangu, lakini vijana waliokuwa wanaanza waliniacha mdomo wazi: siku yao ya kwanza wamevaa kilichonichukua mimi miaka kukusanya. Sikuona wivu. Haya, kidogo.

Kisha mizani. Kanuni inasema mzigo wa kampuni usizidi kilo 20 kwa mtu, mbali na vitu vyake mwenyewe. Sasa getini asubuhi ni foleni ya viroba, kinaning'inizwa, mshale unasoma, kilichozidi kinafunguliwa: toa nyanya, weka kwa huyu, toa mtungi, weka kwa yule. Shingo yangu inaisifu siku mizani ilipoletwa kuliko sikukuu yoyote. Ujanja nao haukukosekana. Kampuni moja niliyoifanyia kazi, ambayo sitaitaja, ilipima mizigo ya watu watatu getini, na baada ya saa nzima msituni mizigo ikawa ya watu wawili, wa tatu akarudishwa nyumbani na nauli. Mambo hayo siku hizi yamepungua, kwa sababu wagumu wenyewe wanasema.

Kwa hesabu hiyo ungetegemea safari nzima iwe nyepesi. Kila kitu kimoja kimoja kimepungua. Mahema ya turubai yenye vyuma yamekuwa nailoni na aluminiamu. Karabai, ambayo ilibebwa na mtu mwangalifu kuliko wote kwa ajili ya kioo chake, imekuwa tochi ya kichwani isiyozidi uzito wa yai. Kuni zilikatazwa, tukabeba mafuta ya taa yaliyotia harufu kwenye mkate, halafu ikaja gesi. Ila mtungi wa gesi ni chuma, na chuma ni chuma.

Safari haikuwa nyepesi. Nafasi iliyoachwa na turubai ilijazwa na meza za kukunja, viti vya kuegemea mgongo, magodoro manene, hema la kulia ambalo mgeni anasimama wima ndani, na choo cha kubeba chenye hema lake. Mitungi ya oksijeni na vifaa vya huduma ya kwanza sivitii kwenye lawama hizi, hivyo viende hata kama ni vizito. Lakini mgeni mmoja ndani ya kundi leo anahitaji wagumu watatu au wanne, na akija peke yake, zaidi. Uzito wa mtu mmoja mmoja ulipungua. Wa safari ulipanda, ukagawanywa kwa watu wengi. Siwezi kusema ni hasara tupu, maana kila kiti cha kuegemea ni ajira ya kijana fulani wa Uru au Kibosho. Nasema tu kwamba wanaojisifia safari nyepesi wangegeuka nyuma wakahesabu vichwa.

Nilimpata mgeni wa aina hiyo, Mmarekani, mtu mzuri sana. Alikuwa amepima kila kitu chake kwa gramu. Mpini wa mswaki aliukata nusu. Lebo za nguo alizing'oa. Begi lake la mgongoni nililinyanyua kwa vidole viwili. Na nyuma yetu, kwenye njia ileile, kijana alikuwa amebeba choo chake. Nilimwonyesha. Alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe, halafu akanyamaza. Kwao, alinieleza, hupanda milima wakati wa theluji akiwa amebeba mwenyewe hema, jiko na chakula cha wiki. Huko kila gramu ni ya mgongo wake, na baridi haimpi nafasi ya kuacha kitu cha lazima. Ndiyo maana anakata mpini wa mswaki asikate soksi za akiba. Ndiye aliyenisimulia habari za Emma Gatewood, bibi wa miaka 67 aliyetembea njia ya Appalachian peke yake mwaka 1955, begani mfuko aliojishonea, miguuni raba za turubai. Nikamwambia huyo ni mgumu mwenzetu.

Sasa turudi kwenye maji, ambayo mizani ya getini haiyajui. Njia ya Machame, kijito cha Karanga ndicho cha mwisho. Kambi ya Karanga iko kama mita 4,000, Barafu karibu mita 4,670, na chai, supu na maji yote ya kunywa ya Barafu yanapanda kichwani kutoka Karanga. Lita moja ni kilo moja. Hapo hakuna teknolojia. Chakula kinaliwa na viroba vinalegea, ndiyo, lakini madumu yanachukua nafasi yake siku ambayo hewa ni haba kuliko zote zilizotangulia. Na hema lililopimwa likiwa kavu Machame, asubuhi ya Shira limevaa barafu ndani na nje. Unalikung'uta, linakataa, jua halijafika, mpishi anasema tuondoke. Unalifunga na maji yake. Kilo ngapi zimeongezeka? Hakuna anayeandika. Tangu niwe kiongozi nimekuwa nikichelewesha kufunga mahema mpaka jua lipige, hata wageni wakinuna. Nusu saa ya jua inatoa uzito ambao hakuna kanuni inayoutoa.

Begi langu leo lina vitu vichache kuliko zamani, na vingine havitoki humo. Chupa ya maji naiweka kichwa chini usiku wa kileleni, kwa sababu maji huanza kuganda juu, na mdomo wa chupa ukiwa chini bado unanyweka. Mirija ya kunywea wageni huipenda. Saa tisa usiku imeziba barafu, nami nawapa chai ya thamosi. Betri na simu zinalala ndani ya soksi, kwenye mfuko wa kulalia. Glavu za akiba jozi mbili, na hizo zina uzito, na kila safari kuna anayezihitaji.

Mwaka jana mpwa wangu alipata kazi ya kubeba, nikampeleka Memorial. Nilimtolea koti langu la kwanza la manyoya, lile nililolipenda. Alilibana kwa ngumi, akaliachia, tukaliangalia wote wawili likibaki limesinyaa.

"Shikamoo mjomba," alisema, kwa adabu ya kunizika, "hili limestaafu."

Akachagua flisi mbili nyembamba na koti la mvua, akaniuliza kama buti za ngozi zina haja. Nikamwambia achukue za nailoni, zinakauka. Muuzaji akataja bei ya mtalii. Mpwa akaning'iniza kila kitu kwenye mizani ndogo ya samaki aliyokuja nayo mfukoni, akasoma, akaanza kupunguza: bei kwanza, kilo baadaye.