Asali Isitunyime Matunda

Wahenga walisema, "Aonjaye asali huchonga mzinga." Sisi wa Tabora twaijua sana methali hiyo, na Chama cha Nyuki cha shule yetu kimeifuata. Sasa chataka kuongeza mizinga na kuipanga yote kando ya bustani ya pesheni. Yasemwa kwamba chama kitapata asali nyingi, na bustani itazaa zaidi. Mimi ni mwanachama, na asali naipenda. Lakini neno hilo la pili silikubali.

Ua la pesheni ya manjano hufunguka mchana na kufumba usiku uo huo. Halizai kwa chavua yake lenyewe. Lazima unga huo uletwe kutoka mmea mwingine. Ua ni kubwa, na nyuki wa asali ni mdogo. Huchota chavua akaondoka, mara nyingi bila kugusa mahali panapoipokea. Afanyaye kazi hasa ni yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao, ambaye mgongo wake hufika juu. Nimeketi bustanini alasiri nyingi nikimtazama. Nyuki wa mizinga wakimtangulia, hukuta chavua imekombwa.

Tena, nyuki wa asali akiona chakula hurudi mzingani akacheza, na kwa mchezo huo wenzake hujua upande na umbali. Mzinga mmoja una maelfu. Nyuki mweusi hana jeshi.

Jambo hili limeonekana mbali, tena kwa nyuki wa kwetu. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika ya Kusini na Tanganyika ili nchi yake ipate asali zaidi. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka, na kizazi chao kikaenea hata kikafika Marekani mwaka 1990. Mwaka 1978 David Roubik alieleza majaribio yake ya Guiana ya Kifaransa: alipoweka mizinga ya nyuki hao karibu na maua, baadhi ya nyuki wadogo wasiouma walipungua katika maua hayo.

Mtu atasema kwamba kule walikuwa wageni, na hapa ni wenyeji. Ni kweli, hapa wameishi pamoja na wenzao tangu zamani. Lakini waliishi kwa kadiri ya maua yaliyopo. Sisi tukiongeza mizinga, maua hayaongezeki.

Kwa hiyo nashauri mizinga itundikwe mbali, katika miombo, ambako maua ni mengi. Bustanini tuache magogo makavu, nyuki mweusi apate pa kutoboa na kulea watoto wake. Chama kitapiga kura muhula ujao. Naomba wenzangu na walimu wetu wayapime maneno haya kabla ya siku hiyo.

Mwanafunzi, Kidato cha IV