Habari za Bawa Lisilopiga

Kwa muda wa miaka mingi tumewafundisha watoto wa shule yetu hapa Mwanhuzi jinsi eropleni irukavyo, na sisi wenyewe hatujapanda hata moja. Tulichora bawa ubaoni, juu limevimba, chini limenyoka, tukasema: Hewa ikifika penye ukingo wa mbele hugawanyika; ile ya juu ina njia ndefu, nayo haina budi kwenda mbio ili ikutane na mwenziwe nyuma kwa wakati mmoja; basi kwa mbio zile nguvu zake za kugandamiza hupungua, na bawa huinuka. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tulivyosahihisha mitihani.

Mwaka 2024 mama yetu aliugua nyonga, akatakiwa kwenda Dar es Salaam kwa waganga. Kwa basi ni safari ya mchana na usiku, naye hakuweza kukaa kitako hata saa tatu. Ndugu wakakutana, ng'ombe wawili wakauzwa, tukaenda naye hata Mwanza, tukapanda ndege.

Ilikuwa ile iitwayo Airbus A220-300, yenye kichwa cha twiga mkiani. Ya kwanza ya namna hii ilifika nchini mwezi wa Desemba 2018, ikapewa jina la Dodoma, na kabla ya hapo hakuna shirika lolote la Afrika lililokuwa nayo. Mafundi walioibuni ni wa Bombardier ya Kanada, nao waliiita CSeries. Airbus waliingia na kulibadili jina mwaka huo huo wa 2018. Urefu wake ni mita 38.7, na toka ncha ya bawa hata ncha ya bawa ni mita 35.1. Ni ndege nyembamba, yenye njia moja tu ya kupita watu, viti viwili upande huu na vitatu upande huu. Ikijazwa watu, mizigo na mafuta, uzito wake hukaribia tani 70. Msomaji wa Meatu na ahesabu mwenyewe: ni kundi la ng'ombe 280, kila mmoja wa kilo 250, limeinuliwa angani.

Tulikaa nyuma kidogo ya bawa. Mama alilitazama kimya, hata tulipokwisha kulivuka ziwa akasema, "Mwanangu, ndege huyu hapigi mabawa. Anashikwa na nini?"

Tulifurahi kuulizwa, maana jibu tulilijua. Tukamweleza habari ya hewa mbili, ya juu na ya chini. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na hiyo ya juu ina haraka ya nini? Nani aliyeziambia zikutane?"

Hatukuwa na neno. Tuligeuka tukazungumza habari ya injini, kama mwalimu afanyavyo akibanwa. Na kweli injini zile ni ajabu. Mbele kuna pangaboi kubwa, upana wake kama mita 1.85, na kati yake na mtambo uizungushao yamewekwa meno ya gia, hata mtambo ukizunguka mara tatu, pangaboi huzunguka mara moja tu. Kwa hiyo kila kimoja huenda kwa mwendo ukifaao. Tena katika sehemu 13 za hewa iingiayo, 12 hupita kando bila kugusa moto, zikasukumwa nyuma tu. Hivyo mafuta hupungua na kelele hupungua. Walakini kitu kipya hakikosi taabu yake: mwaka 2022 baadhi ya ndege hizi zilisimamishwa hapa nchini kwa ajili ya injini hizo. Mama hakuuliza habari za injini.

Tulipoanza kushuka, vipande vya nyuma ya bawa vilitoka, vikainama chini, na papo hapo tukaona jambo tulilopaswa kuliona zamani. Bawa lile, lililofumwa kwa nyuzi za kaboni na kuokwa katika tanuru kubwa huko Belfast, kazi yake ni kuielekeza hewa chini. Hewa ikisukumwa chini, nayo hulisukuma bawa juu. Ya juu huenda mbio kweli, wala si kwa kuahidiana na mwenziwe. Hufika nyuma mbele yake, wasikutane kamwe.

Na hapo tukamkumbuka msichana mmoja wa darasa la sita. Miaka miwili nyuma aliandika katika mtihani kwamba bawa huruka kama bati ulichukualo kichwani siku ya upepo: ukiinua ukingo wa mbele kidogo, upepo hupigwa chini na bati hutaka kukunyang'anya. Tulimtia alama ya kosa, tena kwa wino mwekundu, na darasa likamcheka kwa bati lake. Sisi nasi tulicheka.

Mama alitibiwa, akarudi akitembea kwa mkongojo. Shule ilipofunguliwa tulifuta mchoro ule mbele ya watoto, tukawaambia kwamba tumekuwa tukiwafundisha uongo bila kujua. Walitutazama sana. Mmoja akauliza kama mitihani iliyopita itasahihishwa tena. Tukakosa la kumjibu.

Yule msichana sasa yu shule ya sekondari. Tulimngojea njiani jioni moja, tukamwambia kuwa jibu lake lilikuwa sahihi na kosa lilikuwa letu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Shikamoo mwalimu. Nilijua, maana bati lile nililibeba mimi." Akaturudishia tabasamu dogo, akaenda zake kuteka maji.