Mawe ya Pwani na Nyasi za Bweranyange

Mtu aliyezaliwa katika vilima vya Karagwe aghalabu huiweka bahari miongoni mwa mambo ya kuonwa kabla ya kufa. Mwalimu mmoja wa shule iliyo karibu na Bweranyange alikuwa mtu wa namna hiyo. Kwa miaka sita aliweka akiba kidogo kidogo katika mshahara wake na fedha za kahawa. Likizo moja ilipowadia alipanda basi Kayanga, akakata nchi ya zaidi ya kilomita elfu moja, hata akafika Bagamoyo.

Katika miaka hiyo sita, jirani yake, mzee aliyepita umri wa miaka themanini, alimwita mara nyingi. "Mwalimu," alimwambia, "njoo siku moja nikuonyeshe mahali. Miguu yangu ingali inakubali." Mwalimu alijibu kwa adabu, "Likizo ijayo, mzee wangu." Mahali penyewe palikuwa makao ya kale ya wafalme wa Karagwe wa ukoo wa Wahinda. Walakini kwa jicho la mpita njia hapakuwa na kitu ila nyasi, miti na migomba, na mwalimu hakuona sababu ya kuharakia kutazama kitu kisichoonekana.

Bagamoyo palikuwa na vya kuonekana. Aliona milango ya nakshi na kuta za matumbawe zilizounganishwa kwa chokaa. Aliona boma ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1897. Alikwenda Kaole, akasimama penye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo ndefu. Jioni alivua viatu akatembea ufuoni. Maji yalikuwa yakipwa, na majahazi yamelala ubavu juu ya mchanga. Akaonja maji akacheka peke yake, kwa maana alikuwa amewafundisha watoto miaka mingi kwamba bahari ina chumvi, na siku ile ndiyo kwanza alijua alilolisema. Aliokota makombe ya kuwapelekea wanafunzi.

Siku ya pili kijana mwenye kuongoza wageni alimweleza kwamba kutoka mji ule, mwezi wa Oktoba 1860, Waingereza Speke na Grant waliondoka kwenda kutafuta chanzo cha mto Nile, na Sidi Mubarak Bombay alikuwa katika msafara wao.

"Wakaenda mpaka wapi?" mwalimu aliuliza.

"Bara, bwana. Mbali sana."

Mwalimu alinyamaza. Alijua mpaka wapi. Mwezi wa Novemba 1861, baada ya mwendo wa zaidi ya mwaka mmoja, wasafiri wale walipokewa Bweranyange na Mfalme Rumanyika. Speke alipoendelea na njia ya Buganda, Grant alibaki Karagwe kwa ugonjwa wa mguu hata mwaka 1862. Hapo Kafuro, karibu na makao ya mfalme, wafanyabiashara wa Kiarabu na watu wa pwani waliweka kituo chao. Basi watu wa Bagamoyo walimtangulia kuja kwao kabla yeye hajaenda kwao. Alikuwa ametoa fedha za miaka sita kutazama mlango wa njia ambayo kituo chake kikubwa kilikuwa nyuma ya migomba yake mwenyewe. Akaweka nia kwamba akirudi, jambo la kwanza ni kumwendea yule mzee.

Alirudi na makombe yake, na chupa ya maji ya bahari. Alikuta watu wamekaa matanga. Mzee alikuwa amezikwa siku tatu zilizopita.

Husemwa kuwa jiwe hudumu na nyasi huoza. Ni kweli, lakini si kweli yote. Magofu ya Kaole nayo yalimezwa na kichaka zamani, na kama wataalamu wasingeyafukua na sheria isingeyalinda, mgeni asingepata cha kutazama. Nyumba ya msonge, ya miti na nyasi, huhitaji mlinzi wa namna nyingine: mtu awezaye kusimama penye majani matupu akasema, hapa palikuwa mlango, pale palikuwa zizi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefanya kazi Bweranyange, na wamechunguza ufundi wa chuma uliokuwa sifa ya ufalme ule. Stanley, aliyefika mwaka 1876, ameandika habari za hazina ya mfalme na sanamu zake za shaba. Hizo ni msaada mkubwa. Lakini mgeni huandika alichoonyeshwa; mwenyeji hukumbuka ambacho hakuna aliyefikiri kukiuliza. Tangu mwaka 2019, misitu na mbuga za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa zimelindwa kuwa hifadhi za taifa, na wanyama wake wana askari. Kumbukumbu za wazee hazina askari.

Shule ilipofunguliwa mwalimu aligawa makombe, akawapa watoto maji ya bahari waonje kwa ncha ya kidole. Kisha akawaongoza kwa miguu mpaka mahali pale. Walisimama katika nyasi zilizofika magotini. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mlango wa mfalme ulikuwa wapi?"

Mwalimu alitazama huku na huku, akakiri mbele yao kwamba hajui, na kwamba aliyejua alimwita mara nyingi, naye hakwenda. Halafu akaagiza kila mtoto amwendee mtu mzee kuliko wote katika nyumba yao au jirani yao, amwulize anachokijua juu ya mahali pale, na aje nacho kimeandikwa. Mtoto mwingine akauliza kama kazi ile ilikuwa ya likizo. Mwalimu akajibu kwamba ilikuwa ya jioni ile ile.