Anzia Pale Ulipo

Walimu wenzangu wengi wameniuliza kwa nini mtu wa miaka 47, mwenye madaftari ya kusahihisha na karo za watoto za kulipa, aamke saa kumi na moja alfajiri kwenda kukimbia katika vilima vya Kampala. Swali hilo ni la haki. Ili kulijibu, yanibidi nieleze kwanza jinsi nilivyoacha kukimbia, kisha jinsi nilivyorudi. Maana kurudi ndiko kulikonifunza zaidi, na mafunzo yake nadhani yatatufaa sisi sote ambao kazi yetu ni ya chaki na ubao.

Mbio za marathoni, kama ijulikanavyo, ni za kilomita 42 na mita 195. Urefu huo ulikimbiwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, ukafanywa kipimo rasmi mwaka 1921. Hapa kwetu, marathoni ya Kampala ilianzishwa mwaka 2004, na kwa kawaida hufanyika mwezi wa Novemba. Niliikimbia mara tatu. Mara ya mwisho, mwaka 2019, nilitumia saa 4 na dakika 6. Vijana wa Kapchorwa wangeucheka muda huo, lakini ulikuwa wangu, nami niliupenda.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mwezi wa Machi shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na mwezi wa Aprili mazoezi ya hadharani yakapigwa marufuku, kwa kuwa watu walikuwa wakikimbia barabarani makundi kwa makundi. Wenye nyumba kubwa walikimbia sebuleni. Mimi nina vyumba viwili na watoto wanne. Shule zilipofunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili, madarasa yalijaa pomoni, na kazi ya kusahihisha ikawa haina mwisho. Haukupita muda mama yangu akaugua, na safari zangu za alfajiri zikawa za kwenda hospitali. Tulimzika mwaka 2024. Hadi hapo viatu vyangu vya kukimbilia vilikuwa vimekaa chini ya kitanda kwa miaka minne.

Miezi michache baada ya matanga nilikwenda kupimwa katika zahanati moja. Tabibu alinifunga mkanda mkononi, akasoma kipimo, akapima tena. Akasema shinikizo la damu limeanza kupanda. Sikushtuka kwa sababu ya tarakimu. Nilishtuka kwa sababu maradhi hayo ndiyo yaliyomwondoa mama. "Mwalimu," akaniambia, "nasikia ulikuwa mkimbiaji. Rudi, ila uwe na subira." Nilitoka pale nikijua kwamba sasa jambo hili si la medali ya ukumbusho tena. Ni la kuwaona watoto wangu wakikua.

Yafaa tujue mwili hufanya nini mtu akiacha mazoezi. Mwili hautunzi kisichotumika. Katika majuma mawili tu, majimaji ya damu huanza kupungua, na moyo husukuma damu kidogo zaidi kwa kila pigo. Miezi ikipita, misuli nayo hupoteza uwezo wake wa kutumia hewa na kuchoma mafuta. Habari njema ni kwamba haya yote hurudi. Hatari iko katika mpangilio wa kurudi kwake: moyo na mapafu hutangulia, lakini kano na mifupa huchelewa sana. Ndiyo maana wengi huumia katika mwezi wa pili au wa tatu, wakati wanapojiona wamepona. Pumzi huwaambia waende, na kano za visigino haziko tayari.

Juu ya hayo, anayerudi ana mzigo ambao mwanafunzi mpya hana, nao ni kumbukumbu. Anayeanza hana cha kujilinganisha nacho. Kilomita moja kwake ni ushindi. Anayerudi huikimbia kilomita hiyohiyo akiona aibu, kwani pembeni yake anakimbia mtu mwingine, mwembamba na mwepesi, ambaye ni yeye mwenyewe wa miaka iliyopita.

Nilipoyatafakari haya nilimkumbuka binti mmoja niliyemfundisha. Kabla ya shule kufungwa alikuwa miongoni mwa wa kwanza katika insha. Aliporudi Januari 2022 alikuwa amejifungua, na mtoto alimwacha kwa bibi yake. Alikuja na daftari lake la zamani, akataka tuendelee kuanzia ukurasa uliofuata. Lakini ngeli zilikuwa zimemtoroka. Aliandika sentensi tatu, akaziona mwenyewe jinsi zilivyopinda, akalia. Nilimwambia: "Binti yangu, lifunge daftari hilo. Anzia pale ulipo leo, wala usianzie pale daftari lilipoishia." Alifungua daftari jipya. Juma la kwanza aliandika sentensi moja kwa siku. Alimaliza kidato cha nne, na ijapokuwa alama zake hazikuwa zile za zamani, zilitosha kumwingiza katika chuo cha ualimu.

Basi zamu ya mwalimu kuinywa dawa yake mwenyewe ilikuwa imefika.

Majuma manne ya kwanza nilifanya mazoezi katika uwanja wa shule, maana Kampala ni mji wa vilima, na ardhi tambarare ni adimu. Siku tatu kwa juma nilitembea dakika tatu na kukimbia dakika moja, nikarudia mara nane. Wanafunzi wa bweni walichungulia madirishani wakacheka. Saa niliiacha nyumbani kwa makusudi. Badala yake nilitumia kipimo cha kazi yangu: nilizitaja ngeli kwa sauti, a-wa, u-i, li-ya, ki-vi, na kuendelea. Nikiweza kuzitaja zote bila kuhema, mwendo unafaa. Nikikwama kwenye i-zi, napunguza. Elimu ya michezo yakubali kipimo cha namna hiyo, kwani anayeweza kuzungumza huku akikimbia hajauchosha moyo wake kupita kiasi.

Mwezi wa tatu nilitoka nje ya lango. Nilichagua barabara ya Kabakanjagala, ile iliyonyooka kutoka Bulange hadi Lubiri ya Mengo, yapata maili moja, inayoshuka kisha ikapanda. Zamani nilikuwa nikiipita tu bila kuitazama, nikiwa natoka mbali. Sasa ilikuwa ndiyo safari yangu nzima: kwenda, kugeuka langoni, na kurudi. Asubuhi niliyoimaliza yote bila kutembea, waendesha bodaboda wa kituo cha Bulange walinipigia makofi. Walikuwa wakinitazama tangu mwanzo, na sikujua.

Katika siku hizo nilipata faraja kwa kuwakumbuka wakimbiaji wetu. Stephen Kiprotich wa Kapchorwa alipokuwa mtoto aliugua, akakosa shule kwa miaka mitatu. Baadaye aliziacha mbio kwa muda ili ashughulikie masomo, kisha akarudi, akahamia Eldoret, Kenya, kujifunza marathoni. Tarehe 12 Agosti 2012 alishinda marathoni ya Olimpiki mjini London kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Uganda haikuwa imepata dhahabu ya Olimpiki tangu John Akii-Bua aliposhinda Munich mwaka 1972, yaani miaka 40. Kadhalika Joshua Cheptegei. Machi 2017, katika mbio za nyika za dunia zilizofanyika Kololo hapa Kampala, aliongoza hadi mzunguko wa mwisho, kisha miguu ikamwisha mbele ya umati wa nyumbani, akamaliza wa 30. Miaka miwili baadaye, mjini Aarhus, Denmark, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio hizohizo. Wengi husimulia dhahabu hizo. Mimi huwaza zaidi juu ya asubuhi zilizokuwa katikati, ambazo hazikuwa na umati wala makofi, na ambazo ilibidi mtu afunge kamba za viatu akiwa peke yake.

Leo ni mwezi wa kumi tangu nianze. Siku za Jumapili nakimbia kilomita 18, nikipitia Mengo, Namirembe na Makerere. Mwendo wangu ni wa polepole kuliko wa mwaka 2019, na pengine hautarudi kamwe. Shinikizo la damu limeshuka. Tabibu hajaridhika kabisa, lakini hakuniandikia dawa. Marathoni yenyewe bado iko mbali. Baada ya kilomita 30 hivi, akiba ya wanga iliyomo misulini hukaribia kwisha, na hapo ndipo kila mkimbiaji hujulikana. Sitasimama mstari wa kuanzia Novemba hii. Nitangoja mwaka mwingine, ili kano zangu nazo zifike mahali ambapo pumzi imekwisha kufika.

Walimu wenzangu, kila mmoja wetu ana kitu alichokiacha njiani kwa sababu zisizo na lawama: mwingine kalamu yake ya mashairi, mwingine masomo ya shahada, mwingine lugha aliyokuwa akijifunza. Ugonjwa, msiba na malezi ya watoto huchukua miaka bila kuomba ruhusa. Mnaotaka kurudi, msilifungue daftari la zamani. Nunueni jipya, muandike sentensi moja kwa siku, na anayecheka dirishani mwacheni acheke.

Jumapili ijayo zamu ni ya kilomita 19. Atakayependa kuandamana nami atanikuta Bulange saa kumi na moja alfajiri. Sharti ni moja tu, nalo ni kuzijua ngeli.