Kwa Mpwa Wangu Anayeuza Petroli ya Chupa

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniarifu kwamba siku hizi, mbali na kuendesha bodaboda, unauza petroli ya chupa pale kijiweni, na madumu yako unayalaza chumbani mwako. Sikuandikii kukuzuia kutafuta riziki. Nakuandikia kwa sababu nikiwasikiliza vijana wakizungumzia petroli, naona wanachoogopa ni moto tu, na hofu hiyo huja imechelewa. Hatari huanza na mvuke, kabla hata ya cheche. Petroli hutoa mvuke wa kuweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la kwetu. Mafuta ya taa husubiri joto lifike karibu nyuzi 40 juu ya sifuri, na dizeli zaidi ya 50. Kwa hiyo aliyekulia kwenye koroboi na jiko la mchina akiichukulia petroli kwa mazoea yale yale, anajidanganya.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi kama moshi. Hutambaa chini, hushuka mtaroni, hupita chini ya mlango, hujikusanya penye bonde. Ukikuta jiko la mama lishe huko mbele, moto hurudi nao kwa njia ile ile hadi petroli ilipomwagika. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, Kivu Kusini, na watu zaidi ya 230 wakafa. Wengine walikuwa wakichota, lakini wapo waliokuwa wamekaa kwenye vibanda jirani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Hawa hawakushika dumu wala ndoo. Walikuwa karibu, basi. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Septemba, mtaa wa Sinai jijini Nairobi, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliingia mtaroni katikati ya makazi yaliyobanana, na watu takriban 100 wakapoteza maisha. Ndiyo maana nasema umbali ndio kinga, na ushujaa wa kusogea na ndoo ya maji haufui dafu hapo.

Najua utanijibu kwamba mahali penyewe hakuna mwenye kiberiti. Hakihitajiki. Bomba la moshi la pikipiki iliyotoka safari, swichi ya taa, waya wa betri, chuma kikigonga chuma, kimoja kinatosha. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, palipokufa watu zaidi ya 100 baada ya lori la mafuta kupinduka na watu kukimbilia kuchota, bodaboda zilikuwa pale pale kwenye petroli, na mabaki yake yaliyoungua yalionekana baadaye. Utasema pia kwamba wapo waliochota mahali pengine wakarudi nyumbani salama. Ni kweli, na hapo ndipo watu wanapopotea. Mvuke ukiwa chini ya asilimia 1.4 hivi ya hewa hauwaki, na ukizidi asilimia 7.6 hauwaki vilevile, maana hewa yenyewe haitoshi. Kati ya hapo unalipuka. Upepo ukigeuka, au petroli ikizidi kumwagika, mahali palipokuwa salama sasa hivi panaingia kwenye kiwango hicho bila rangi wala sauti. Aliyerudi salama hakujua kitu kuliko aliyekufa. Hali ya hewa ilimpisha.

Hoja ya umaskini ndiyo nzito, na siipuuzi. Waliokufa Morogoro waliitwa wenye tamaa, na neno hilo linaniuma. Lita ikiwa shilingi 3,000, dumu la lita 20 ni shilingi 60,000, na ninajua kijana anahangaika siku ngapi kuzipata. Lakini ni huyo huyo asiye na akiba ambaye akiungua ataacha nyumba nzima ikiuguza, ikiuza shamba, ikikosa mtu wa kuleta unga. Umaskini unaeleza kwa nini watu wanakimbilia lori. Haupunguzi mvuke hata kidogo.

Basi ukikuta lori la mafuta limelala barabarani, zima pikipiki mbali, rudi upande upepo unakotoka, shika mwinuko, piga 114 uwaite Zimamoto, na wazuie wenzako, hata wakikutukana. Kibandani kwako, petroli ikimwagika kidogo, ondoa watu na kila chenye moto, usiguse swichi, funika kwa mchanga mkavu, kisha uuzoe ukautandaze mbali, mahali pa wazi. Ikiwaka usiimwagie maji: petroli ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake ikiendelea kuwaka na kusambaa nayo. Moto mdogo unaoanza hufunikwa kwa mchanga au kizimamoto cha unga. Ukishindwa mara moja, kimbia, acha mali. Usimjazie mteja injini ikiunguruma na abiria amekaa kitini, maana tone moja likikosa mdomo wa tangi linaangukia injini iliyo moto. Nguo ikilowa petroli, jimwagie maji kwanza ndipo uivue, mbali na moto. Na uache kuvuta petroli kwa mdomo kwa mpira. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali, kwa sababu ikiingia mapafuni wakati wa kutapika ndipo inapoua. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, bila dawa ya meno, yai wala asali.

Madumu yatoe chumbani leo, kabla hujalala. Kama huna pa kuyaweka nje kivulini, mbali na majiko na watoto, uza yaliyobaki na usinunue mengine mpaka upate. Nikipata nauli nitakusaidia kutafuta mahali, na hata ukiamua kuiacha biashara hiyo kabisa, tutakaa na mama yako tuone mtaji wake uende wapi.

Mjomba wako