Kabla Hujaigusa 109 ya Babu Yako

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Mpwa wangu,

Orodha uliyonitumia kwenye simu nimeisoma mara mbili bila miwani na mara ya tatu nikiwa nayo, na haikubadilika: injini ya 1HZ, matairi makubwa ya matope, bodi inyanyuliwe, taa za LED paa zima, redio ya kioo cha kugusa, viti vya ngozi. Breki hazimo. Chasisi haimo. Hata kadi ya gari haimo. Ndiyo maana sikukujibu kwa ujumbe wa sauti. Haya yanataka karatasi.

Sikukatazi. Tangu uliporudi kutoka tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, nilijua umerudi na homa, na homa hiyo naifahamu kwa sababu mimi ilinipata kijana na sijapona mpaka leo. Ile 109 ya Series III imelala chini ya mwembe pale Igoma tangu babu yako atutoke, kuku wanatagia kwenye viti vyake, na kila nikipita nageuza uso. Nikiiona inatembea tena nitafurahi kuliko wewe.

Lakini tuanze na lisilo na grisi. Gari lile bado lina jina la marehemu. Leo ni banda la kuku na hakuna anayelikumbuka. Siku litakapong'aa, mama zako wadogo wote watakumbuka kwamba lilikuwa la baba yao, na watakuwa na haki. Wewe ni mtoto wa dada yangu, nami siwezi kukupa kisicho changu peke yangu. Kaa nao kwanza, waeleze, wakubali mbele ya msimamizi wa mirathi, kisha jina libadilishwe TRA kabla hujanunua hata nati. Na kwenye kadi hiyo hiyo kuna namba ya injini na namba ya chasisi. Ukibadili injini, kadi nayo ibadilike, na risiti ya injini uliyonunua itunze kama cheti chako cha kuzaliwa. Askari atakayekusimamisha Usagara akafungua boneti hatakuuliza habari za babu.

Sasa chasisi. Watu watakuambia Land Rover hailiwi na kutu kwa kuwa bodi yake ni aluminiamu. Ni kweli nusu. Waingereza walipoionyesha ile ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu kwao baada ya vita, aluminiamu ndiyo ilikuwapo, wakaitumia. Bodi ikapata sifa. Chini yake wakaacha chuma kile kile kinachooza kama chuma kingine chochote. Na pale bati la aluminiamu linapokutana na chuma pakaingia maji, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Fundi wa bodi atapaka puti juu ya unga huo, atapiga rangi, utalipa na kushukuru. Baada ya masika mawili puti itakuangukia mkononi.

Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo magari ya huku hayaliwi upesi kama ya Tanga au Mombasa. Ila ya babu yako ni habari nyingine. Alipostaafu aliikodisha kwa wafanyabiashara wa Mwaloni, na hawakubeba dagaa peke yake. Walibeba kayabo, sangara wa chumvi anayekwenda Kongo. Miaka minne maji ya chumvi yalichuruzika kupitia sakafu ya nyuma yakaingia ndani ya boriti za chasisi. Nilimwambia mzee. Alinijibu kwamba kayabo ndiyo iliyokuwa ikimsomesha mdogo wangu, nami nikanyamaza. Kwa hiyo usiitazame kwa nje. Boriti za nyuma na zile pembe za kushikia springi huoza kutokea ndani, na rangi ya juu ikabaki nzuri kabisa. Pakikutwa pamekufa, pakatwe pote hadi kwenye chuma kizima na kuchomelewa kipande kipya chenye unene ule ule. Usikubali kiraka juu ya kutu. Fedha ya viti vya ngozi iko hapo.

Injini. Sina ugomvi na 1HZ. Lita 4.2, silinda 6, haina turbo wala kompyuta. Imebeba Land Cruiser za mashirika na migodi kwa miaka zaidi ya thelathini, na fundi yeyote wa Geita anaifungua gizani. Lakini ni ndefu na nzito. Pua ya 109 yako ilitengenezewa injini ya petroli ya silinda 4, lita 2.25, yenye nguvu za farasi 70 na ushei. Ukiisukumiza 1HZ mle ndani utasogeza rejeta, utakata hapa na pale, springi za mbele zitalala, na hayo yote ni kabla hatujafika kwenye gia boksi. Gia boksi ile haikuumbwa kubeba nguvu hiyo. Wala ekseli za mbele. Difu la nyuma, lile la Salisbury, ni gumu na pengine litavumilia. Vingine vitavunjika kwa zamu, na kila kimoja utakachoimarisha kitampa kazi jirani yake.

Wapo watakaokushauri Tdi, ya 200 au ya 300, kwa kuwa nayo ni ya Land Rover. Ni injini safi, na Arusha ungeipata na vipuri vyake. Hapa Mwanza mimi ningeweka 3L ya Toyota, ile iliyobeba Hiace za daladala. Najua utacheka. Lita 2.8, dizeli, pampu ya kawaida, nguvu yake imezidi kidogo ile ya zamani lakini haizidi kiasi cha kuisaga gia boksi. Gasketi yake inauzwa katika duka ambalo halijawahi hata kusikia jina Land Rover. Ukikwama Nansio siku ya Jumapili, kipuri kitatoka kwenye Hiace iliyolala gereji, si kwenye ndege kutoka Dubai. Mkanda wake wa taiming usiusubiri ukatike. Injini utakayonunua imetumika na hujui historia yake, kwa hiyo fungua na uweke mpya kabla haijaingia garini.

Kiungo cha kuishikisha injini hiyo na gia boksi ya Land Rover ni bamba la chuma linalochongwa kwenye mashine ya kukereza. Pale Nyakato, upande wa SIDO, hukosi mtu wa kukereza. Msimamie. Mhimili wa gia boksi lazima uingie katikati kabisa ya krenki. Ukipotea upana wa unywele tu, bering italia, klachi itatetema, na utabadilisha klachi tatu kwa mwaka huku ukiwalaumu Wajapani.

Nikuambie sasa kisa ambacho sikuwahi kumsimulia mama yako.

Miaka ya tisini mteja aliniletea 109 ya petroli kama ya babu yako, akataka dizeli. Niliifunga kwa siku kumi na moja na nilijisifu sana. Ndani ya uwanja wa gereji ilizunguka vizuri, breki zikashika, tukapiga makofi. Nikamchukua mwenye gari tukapanda naye Isamilo, apime nguvu. Kupanda ilipanda kama mbuzi. Kushuka, nilikanyaga breki mara ya kwanza ikashika, ya pili ikasitasita, ya tatu pedali ikawa ngumu kama nimekanyaga jiwe. Nikatia gia ndogo, ikalia, ikapunguza kidogo, hatimaye nikaipeleka kwenye mwamba pembeni ya barabara. Mungu aliujaza mji huu mawe kwa sababu zake. Bamba la mbele lilikunjika, mteja akaumia goti, mimi nikapoteza meno mawili ambayo nyote mnadhani nilipigwa na wezi.

Kosa lilikuwa langu, na ni kosa la kitoto. Lile kopo jeusi la duara nyuma ya masta silinda, sevo, ndilo linalokusaidia kusukuma breki, na linafanya kazi kwa kunyonya hewa. Injini ya petroli inanyonya yenyewe kwenye manifoldi kila unapoachia mafuta, kwa hiyo sevo inapata nguvu bila gharama. Dizeli hainyonyi hivyo. Inahitaji pampu yake ya kunyonya, na katika 3L pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta. Mimi nilikuwa nimetumia altaneta ya zamani kwa sababu ilikuwa bado nzima, nikaziba ule mpira kwa kipande cha bomba. Uwanjani hatukukimbia wala kubeba kitu, mguu wangu ukatosha. Mlimani haukutosha.

Sasa umeelewa kwa nini nilitafuta neno breki kwenye orodha yako. Ile ya babu yako ina ngoma magurudumu yote manne. Zikiwa na viatu vipya vya breki, silinda mpya na mabomba mapya zinatosha kwa mwendo wake wa asili. Ukizidisha mwendo, weka diski mbele. Na uziweke kabla ya injini, usiseme tutamalizia.

Maana najua unakotaka kwenda. Zamani mtu aliyekwenda Sengerema alisimama Kigongo akingoja kivuko, akala mahindi ya kuchoma, injini ikapoa, akavuka polepole. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 za lami juu ya maji, upepo wa ziwa ubavuni na basi linakuwashia taa kwa nyuma. Usukani wa Series ukiwa umelegea unazungusha robo duara kabla gurudumu halijasikia. Tairodi zote mpya, na ile rilei ya usukani iliyojificha ndani ya boriti ya mbele ifunguliwe, isiachwe eti kwa kuwa imegoma kutoka. Pawa stelingi ukitaka weka, mabega yatakushukuru, lakini usiifunge juu ya viungo vilivyokwisha.

Matairi yabaki 7.50-16. Yale makubwa ya kwenye picha yako ni wenzo mrefu zaidi wa kuzikatia ekseli, na breki nazo zitalazimika kupigana nayo. Haya ya 7.50 yanavaliwa na malori madogo, unayapata mji mzima, na babu yako alifika nayo Ukara na Ngara. Kuinua bodi, acha. Keria nzito juu ya paa pamoja na matanki ya maji na mtungi wa gesi, acha kabisa. Sisi tuliokuwa Mwanza ile Mei ya 1996, tukaenda kuzika pale Igoma watu waliozama na meli ya MV Bukoba, hatuhitaji mtu atueleze chombo kilichopoteza uwiano kinafanya nini. Mzigo ukae chini, kati ya ekseli mbili.

Taa za LED sina neno, ila kila taa na rilei yake na fyuzi yake. Redio weka. Viti, tuone fedha itakayobaki.

Utaniuliza kama baada ya hayo yote litakuwa bado gari la babu. Mzee mmoja hapa jirani, kipya kinyemi ingawa kidonda, ameweka kwenye gari lake usukani wa Kijapani, dashibodi ya plastiki na milango ya kufunga kwa rimoti. Ukiingia ndani hujui umo kwenye nini. Upande mwingine nenda bandarini ukaitazame MV Victoria. Meli ya tangu miaka ya 1960, ilikaa imekufa miaka kadhaa, mwaka 2020 ikarudi majini na injini mpya. Umbo ni lile lile, na wazee wa Bukoba waliipanda bila kuuliza jina. Hivyo ndivyo ninavyotaka. Vile vijiti viwili vya sakafuni, cha kichwa cha njano na cha kichwa chekundu, visiguswe. Cha njano unakibonyeza chini, magurudumu ya mbele yanaingia. Chekundu unakivuta, unapata gia za taratibu za kupandia tope. Usikibonyeze cha njano kwenye lami kavu, kwa kuwa hakuna difu la katikati la kuachanisha mbele na nyuma, na kitu kitakatika. Babu yako alinichapa kwa kosa hilo nikiwa na miaka kumi na saba, hapo hapo barabarani Kisesa, watu wakitazama.

Njoo bila fundi wako wa Arusha kwanza. Lete tochi, nyundo ndogo, chaki na nguo za kuchafua. Tutalala chini mimi na wewe tugonge boriti moja moja. Panapolia kengele tunapita, panapolia kama boksi la karatasi unachora duara. Ukishaona maduara ni mangapi, ndipo uandike orodha nyingine.

Ufunguo anao mama yako mdogo. Ila usije Jumamosi hii. Kuna tetea ameatamia kwenye kiti cha dereva na bado siku tisa, na ameshamdonoa mtoto wa jirani. Njoo ile inayofuata.

Mjomba wako